"Ya nani?" Kibanda cha flashi Manzese na nyimbo wajina zilizotutoa jasho

Naanza na nyota kabisa ili wenye haraka waondoke: nawapa tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa ni yule mzee mwenye kibanda peke yake ningempa tano bila kupepesa macho, ingekuwa ni kijana wake peke yake ningempa mbili na hizo mbili ni za huruma. Kibanda kipo Manzese, Dar, unashuka basi la mwendokasi unavuka unaingia mtaa wa ndani kidogo. Jina silitaji, na hata ningetaka kulitaja halipo, kibao kimeandikwa tu TUNAWEKA NYIMBO MUVI TUNACHAJI SIMU na vibanda vyenye kibao hicho Dar hii ukianza kuvihesabu utazeeka.

Ilikuwaje mpaka mtu mzima na simu yake na bando lake akaenda kuwekewa nyimbo kwenye flashi zama hizi? Sendofu ya mdogo wangu, yani sherehe ya kumuaga bi harusi. DJ wetu ni binamu yangu, spika zake leptop yake, bei ya kifamilia yani sahani ya pilau na soda mbili, na ukumbi tuliopata uko Sinza chini kabisa ya ghorofa, mtandao ukiingia mle unakata kama umeingia pangoni. Binamu akasema dada mi sitaki habari za kutafuta nyimbo yutyubu siku ya tukio huku kile kiduara cha kusubiri kinazunguka na watu wananitolea macho, niletee flashi imejaa na imepangwa. Kamati ikanitupia mimi hiyo kazi, mchango nilikuwa nimemaliza mapema kwa hiyo nikaonekana sina shida duniani.

Nikazunguka nyumbani na daftari. Baba taja wimbo, mama taja wimbo, shangazi, mama mdogo, bi harusi mwenyewe. Kila mtu akanitajia jina la wimbo na mi nikaandika jina la wimbo. Hakuna aliyesema ya nani na mi sikuuliza, kumbe kuna nyimbo wajina, jina moja ila nyimbo tofauti kabisa, hilo kosa langu nalibeba mwenyewe kabla sijaanza kumsema mtoto wa watu.

Huduma yenyewe sasa. Unakwenda na flashi yako, wimbo mmoja shilingi 200 ukichagua moja moja, ukisema nijazie tu GB 8 ni elfu tano na unapewa mchanganyiko wa mwenye duka, singeli nyingi. Benchi lipo, feni ipo, maji ya baridi wanauza. Nilikuwa na nyimbo 46 na nikatoka ndani ya dakika ishirini, kasi ya ajabu, kijana hedfoni sikio moja anapiga jina kwenye kompyuta, inayotokea juu anaburuta, jina lingine, ya juu anaburuta, daftari langu kaliweka pajani hata hanitazami. Mara moja tu ndo alisimama. Nilikuwa nimeandika Mama. Akageuka, sista Mama ipi, hapa naziona kama arobaini. Nikamwambia ile ya Christian Bella na Ommy Dimpoz, akasema aah hiyo inaitwa Nani Kama Mama, akaiweka. Nikajiona nimepata fundi. Kumbe ndo nilipodanganyika, maana aliuliza pale tu alipoona arobaini, ila panapotokea mbili au tatu anachukua ya juu na maisha yanaendelea.

Siku ikafika. Ufunguzi, sala, MC akasema sasa tusimame tumshukuru Mungu kwa wimbo aliouchagua shangazi wa bi harusi. Shangazi yangu ni mtu wa kwaya, tena wa zile kwaya za nota, na wimbo aliotaka ni Haleluya ya Handel, yule mtunzi wa Kijerumani wa zamani, ambayo mi nilimwandikia kijana "Hallelujah" nikaona nimemrahisishia. Hiyo Haleluya Handel aliitunga 1741 ikaimbwa mara ya kwanza Dublin 1742, na kuna desturi ikianza tu ukumbi mzima unasimama, wanasema kuna mfalme wa Uingereza alisimama akiisikia na watu wakamfuata, kama kweli kama hadithi mi sijui lakini shangazi anaifuata kama amri ya kumi na moja. Basi kasimama, mkono kifuani, mdomo umeshafunguka kabisa kwa ile Ha ya kwanza.

Ikapigwa ya Diamond na Morgan Heritage.

Ya 2017 ile, rege, na nyimbo yenyewe tamu mi naipenda, vijana wa meza za nyuma wakapiga mayowe wakaanza kuyumba, mpambe mmoja akanyanyua simu kurekodi. Shangazi akakaa taratibu, akafungua pochi akajifanya anatafuta kitu. Alitafuta hicho kitu mpaka wimbo ukaisha.

Halafu hilo jina lina ukoo mkubwa kuliko nilivyodhani. Kuna ya Leonard Cohen ya 1984, ambayo watu wengi wanaijua kwa sauti ya Jeff Buckley aliyeirudia 1994, na watu wanaiweka makanisani kwenye harusi kwa sababu ya kiitikio tu bila kusikiliza beti, humo ndani kuna Daudi anamchungulia mwanamke anayeoga juu ya paa, sasa sijui hapo mchungaji anaitikia nini. Kuna ya Willy Paul na Nandy ya 2019, ambayo jina ni la ibada ila mambo yake siyo ya ibada, wakasemwa sana wakati ule. Kwa hiyo nikimhesabia kijana kwa haki, alikuwa na njia nne, na yoyote kati ya tatu ingemkalisha shangazi chini. Na kwa Dar hii ukiandika neno hilo kwenye kompyuta ya kibanda ni Diamond anakuja juu, siyo Mjerumani aliyekufa 1759.

Chakula kikaanza. Baba aliomba Hello, yake ni ya Lionel Richie, single ya 1984, ile ambayo kwenye vidio yake kuna binti asiyeona anafinyanga kichwa cha Lionel kwa udongo. Baba na mama nasikia walikuwa wanaisikiliza kwenye kanda enzi za uchumba. Ikaja ya Adele ya 2015. Mzee kashika paja la kuku, kasimamisha mkono hewani, akaniuliza huyu mama analia nini na chakula kipo? Nikamwambia baba ni Hello. Akasema siyo hello hii, huyu anampigia mtu aliyekwisha kumwacha. Na kweli ndo maana yake, mzee Kiingereza kinapanda. Mmoja anamtafuta mtu ambaye hajampata bado, mwingine anamwomba msamaha mtu aliyempoteza zamani, na inayofaa sendofu ni ya kwanza tu.

Sasa Zuwena. Hapa nitakaa kidogo maana ndo iliyoniuma.

Mama yangu huwa haombi kitu. Kwenye daftari lote aliomba wimbo mmoja, Zuwena, na alipolitaja alicheka peke yake akageuka dirishani. Zuwena ya mama ni ya Marijani Rajab na bendi ya Dar International, Marijani yule waliyemwita Jabali la Muziki, aliyetoka bendi ya Safari Trippers kabla ya hapo na akafariki 1995. Gitaa za kupishana, sauti ya kubembeleza isiyopandisha hasira hata ikilalamika. Mimi mwenyewe nimeukuta huo wimbo redioni kwenye vipindi vya zilipendwa asubuhi za Jumapili, harufu ya chai ya tangawizi, mama anapepeta mchele na kichwa kinatikisika. Ningejiuliza hata sekunde mbili ningejua mama yangu haombi wimbo wa juzi. Ila nikaandika Zuwena, kijana akapiga Zuwena, ikatokea ya Diamond, akaburuta.

Msinielewe vibaya, Zuwena ya Diamond ni kazi kubwa, ameiimba kama anasimulia mkasa na vidio yake ndefu kama muvi, dada zangu wengine waliimba neno kwa neno. Mama alikuwa ameshanyanyuka kwenda kucheza na baba, kavuta kanga vizuri, kafika katikati, wimbo ukaanza, akasikiliza kidogo hivi kichwa upande. Hakusema kitu. Akacheza nayo hiyo hiyo. Usiku kwenye gari ndo akasema, "Zuwena wangu leo hakuja, katuma mtoto." Tukacheka lakini mi nikaona hapana, huyu kijana nakwenda kumtafuta.

Kabla sijamtafuta niseme na ya upande wa pili maana mapitio ya kulaumu tu siyapendi. Bi harusi mwenyewe alikuwa amejazwa na vidio za harusi za Marekani, zile za baba kucheza na binti, akataka Cinderella ya Steven Curtis Chapman, muimbaji wa injili wa kule, ambayo inahusu hivyo hivyo, baba anacheza na binti yake kabla saa haijagonga akaondoka. Ikapigwa ya Ali Kiba. Jamani. Kuna watu wa umri wetu Cinderella ya Ali Kiba ndo ilikuwa wimbo wa kwanza kuandikiwa kwenye barua, ukumbi mzima ukaingia kati, mama mdogo na viatu mkononi, baba kabebwa na wimbi hajui hata anacheza na nani, mpaka wale wa jikoni wakatoka na aproni zao. Ile ya Chapman ni nzuri lakini meza ya kwanza tu ndo wangetoa machozi, wengine wangekuwa wanauliza soda. Kwa kosa hili namrudishia kijana nyota nusu na ndo hiyo nusu mnayoiona hapo juu.

Na The Power of Love aliipata sawa, ambayo kwa hesabu ndo alitakiwa aikose kuliko zote. Jina hilo liliimbwa na watu watatu tofauti ndani ya kama mwaka mmoja hivi, Frankie Goes to Hollywood na Jennifer Rush 1984, Huey Lewis and the News 1985, nyimbo tatu ambazo haziingiliani hata kidogo zaidi ya jina, na zote zikawa kubwa. Ya Jennifer Rush ndo Celine Dion aliichukua 1993 na ndo hiyo tuliitaka. Kijana hakujua lolote katika hayo, ni kwamba tu Dar ukisema Power of Love hata muuza mihogo anajua ni Celine.

If ndo ilikuwa kichekesho. Anko mmoja alitaka If ya Bread, ya 1971, taratibu kabisa ya kushikana mikono, mi nilitegemea mbaya zaidi itakuja If ya Davido. Haikuja hata hiyo. Herufi mbili ukizipiga kwenye ile programu inaleta kila kitu chenye hizo herufi ndani yake, kwa hiyo tuliwekewa wimbo wa kwaya unaoitwa Sifa. Anko alisema amina akaendelea kula.

Jumatatu nikarudi Manzese. Nimejipanga maneno, nimevaa raba kabisa. Kijana hayupo, yupo mzee, baraghashia, miwani imeshuka puani, anakunywa kahawa kikombe kidogo. Nikamwamkia, akanipa benchi, nikamwaga yote. Alinisikiliza mpaka mwisho halafu swali lake la kwanza likawa, "Kijana alikuuliza ya nani?" Nikasema hapana, aliuliza kwa Mama tu. Akatikisa kichwa akasema basi pesa yako haikufanya kazi, lete flashi.

Tukaanza upya na ndo nikaona tofauti. Kila jina nikitaja anauliza ya nani. Hata majina ambayo mi naapa yapo peke yake duniani, anauliza. Nikamwambia mzee hii haina mwenzake, akasema wewe ndo hujakutana na mwenzake. Akaniambia enzi za kanda ulikuwa huombi wimbo, unaomba bendi, unasema nataka Sikinde ile ya nanihii, nataka Msondo ile ya nanihii, jina la wimbo linakuja nyuma kama mkia, na redioni pia wakati wa salamu mtangazaji anakutajia bendi kwanza, hata ukiwa jikoni unajua nani anakuja. Siku hizi mtu anakuja na neno moja. Akanipa mfano wa Neema: "Mtu akija na Neema namuuliza ya Sikinde au ya kwaya? Akisema ya Chidumule bado namuuliza, maana Chidumule kaimba Sikinde halafu kaokoka kaimba injili." Hapo nilicheka mpaka kahawa ya mzee ikamwagika.

Alinitenganishia kitu kingine ambacho nilikuwa nakichanganya. Kuna nyimbo wajina, na kuna wimbo mmoja wenye waimbaji wengi, siyo kitu kimoja. Malaika ya Fadhili William, ya Miriam Makeba, ya Boney M, hiyo ni Malaika moja imevaa nguo tofauti, ukikosea hapo hakuna atakayekimbia ukumbini, na ugomvi wa nani aliyeitunga kwanza haujaisha mpaka kesho, Wakenya wana mtu wao na sisi tunamtaja Adam Salim. Wajina ni kama wewe na jirani yako wote mnaitwa Rehema, hamna undugu, mnashea jina na foleni ya maji basi. Halafu kuna ya tatu ambayo mzee aliiita mjukuu, Salome ya Diamond na Rayvanny ya 2016, imezaliwa na Maria Salome ya Saida Karoli ya 2001, ile ya Kihaya ambayo watu walikuwa wanaiita Chambua Kama Karanga kwa sababu jina lenyewe hata hawakulishika. Kwa hiyo ukija kwake na Chambua Kama Karanga anajua, ukija na Salome anauliza bibi au mjukuu.

Nikamuuliza kwani hairuhusiwi, mtu ukishaita wimbo wako Zuwena mwingine asiite? Akasema jina halina mwenyewe, mwenyewe yupo kwenye maneno na sauti, majina yangekuwa na mwenyewe basi neno mapenzi lingekuwa limeshauzwa zamani sisi wengine tungeimba nini. Na hilo ni kweli, hakimiliki inalinda wimbo, jina peke yake kwa kawaida hailigusi. Ukitaka kuingia kwenye mada ya hakimiliki na vibanda vya flashi kwa ujumla wake hiyo ni mada nyingine na mzee alipoisikia inakuja alinyanyuka kwenda kuongeza kahawa.

Hakunidai kitu kwa kurekebisha. Nyimbo saba zilizokosewa akaweka sahihi, na juu yake akabadilisha majina ya mafaili yote 46 yaanze na mwimbaji, kazi ambayo sikumwomba. Kijana alifika tukiwa mwishoni, mzee akamwambia mbele yangu msalimie dada uliyemkalisha shangazi yake. Kijana akaona aibu, akasema sista samahani, mi nilijua Hallelujah ni ya Simba, Diamond huyo. Nikamsamehe hapo hapo, ana miaka kumi na tisa, Handel atamjulia wapi.

Kuna watu wataniambia simu ingemaliza yote haya. Inamaliza nusu, ukitafuta kwenye aplikesheni angalau unaona picha ya mwimbaji kabla hujabonyeza, lakini na yenyewe inakuletea juu inayosikilizwa sana, hainiulizi mama yangu ana miaka mingapi. Mzee aliniuliza. Kwenye Zuwena swali lake halikuwa ya nani, alisema ni ya mama yako au ya kwako?

Kwa atakayekwenda: nenda asubuhi kabla ya saa saba, baada ya hapo mzee anakwenda kuswali na kula na anarudi akijisikia. Ijumaa jioni usithubutu, watu wa sherehe wote wa Manzese na Mabibo wako pale. Choo hakuna. Flashi yangu nilipoichomeka nyumbani haikuwa na virusi hata kimoja na kwa vibanda vya mjini hilo peke yake ni sifa. Simu wanachaji kweli, 300, ila chaja ya taipu C ipo moja na ina foleni yake.

Mama Zuwena wake alisikiliza jikoni mara tatu mfululizo, akaniagiza nikirudi nimwekee na Georgina. Hiyo nayo ni ya Marijani, ya kule kwenye Safari Trippers, na sidhani kama ina wajina, ila nitaandika Georgina tu nimwache mzee aulize.